Abiria wa Jumatano

Jumatano ile basi la Mwajilala liliondoka kijijini na watu wanne, na wawili kati yao walikuwa dereva na kondakta. Wa tatu alikuwa Justina, mke wa Mayige. Wa nne alikuwa binti yake Salu, mwenye miezi minne, ambaye hakudaiwa nauli kwa kuwa alibebwa mgongoni, mguu wake wa kulia umefungwa plasta kuanzia pajani hadi vidoleni.

Lakini usidhani kituoni hapakuwa na watu. Watu walijaa tele. Walianza kufika saa kumi na mbili asubuhi, wengine na miswaki mdomoni, wakamzunguka Limbu, kondakta, kila mmoja na lake.

“Limbu, mwangaluka. Shika elfu nane, dawa ya presha ya mama, ile ya boksi jeupe.” Huyo alikuwa Klementina, jirani yake Justina, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

“Limbu, chaja ya simu, yenye kichwa chembamba.”

“Limbu, hawa kuku wawili mpe dada yangu pale Somanda. Mwambie jogoo asimchinje.”

Limbu alipokea vyote. Alikuwa hasahau kitu, na katika miaka sita hakuna aliyewahi kusema Limbu kampunja shilingi. Ujira wake ulikuwa asante, na wakati wa karanga, karanga. Gunia lake la salfeti lilipojaa alilikalisha kwenye kiti cha mbele, akaweka mguu mmoja mlangoni, kisha akasema neno lililokuwa limemkaa kooni tangu afike.

“Jamani, bosi amesema Jumatano ijayo ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo gari litakuja Alhamisi tu, siku ya mnada mjini. Jumatano hakuna watu.”

“Hakuna watu?” Klementina alishika kiuno. “Kwani sisi mbuzi?”

Wakaangua kicheko. Kilipoisha mtu mmoja akauliza, kwa dhati kabisa, “Sasa betri ya redio nikuagize lini?”

Justina hakucheka. Basi hilo zamani lilikuja kila siku, likapunguzwa hadi Jumatano na Alhamisi, na katika siku hizo mbili yeye alihitaji ile iliyokuwa inakufa. Salu alizaliwa na mguu umegeuka ndani. Mtaalamu wa kuunyoosha alikuwepo hospitali ya Somanda, mjini Bariadi, Jumatano peke yake.

*

Mtaalamu huyo aliitwa Flora, mama mnene mwenye vidole vya taratibu. Aliikata plasta ya zamani, akaukanda mguu, akaugeuza kidogo kuelekea nje huku Salu akilia kwa nguvu zake zote, kisha akaufunga upya.

“Unaona? Unafunguka,” alisema. “Hii ni ya tatu. Zimebaki tatu, moja kila Jumatano. Ukikosa, mguu unarudi ulikotoka na tunaanza upya. Na huyu anakua, mama. Mguu wake hautangoja nafasi yako.”

“Sitakosa,” alisema Justina, na papo hapo akajiona mwongo. Masika ile pikipiki kutoka Mwajilala, kwenda na kurudi, ilikuwa elfu hamsini, tena kwenye udongo mweusi ambao mvua ikigusa tu, dereva na abiria wanalala chini pamoja. Pamba ilikuwa bado ina majani manne, hela yake mbali. Ndiyo maana alitoka hospitalini akanyoosha hadi kwa mzee Januarius, mwenye basi, aliyekuwa na duka la vipuri hapo hapo Somanda.

Mzee alikuwa anakula ugali kwa samaki. Palikuwa na benchi, lakini lilikaliwa na betri mbili za gari, na hakuna aliyeziondoa. Justina alisimama na mtoto mgongoni mpaka samaki akabaki mifupa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umepoteza mzigo?”

“Sijapoteza. Nimekuja kuombea gari la Jumatano.”

Januarius alinawa mikono polepole. “Leo umekuja na nani?”

“Na mtoto.”

“Mtoto kalipa?”

“Hajalipa.”

“Basi umekuja peke yako. Coaster ya viti ishirini na vinane, imechoma mafuta kwenda Mwajilala na kurudi kumbeba mwanamke mmoja. Hata padri asingeniambia nifanye hivyo.”

“Kijiji kina watu elfu mbili, mzee.”

“Lakini hawana safari. Wanalima, wanakula, wanalala. Siyo dhambi.”

Neno hilo lilimwingia Justina mahali pabaya. Alikuwa amejiandaa kunyimwa. Hakuwa amejiandaa kuelezwa hivyo, yeye na mume wake na kijiji chake kizima, na mtu anayechokonoa meno. “Na nikikuletea watu Jumatano ijayo?”

Mzee alimgeukia muuzaji wake. “Umesikia? Tumepata wakala.” Walicheka wote wawili. “Haya, lete vichwa kumi na vitano. Nitakuja stendi mwenyewe kuvihesabu. Vikitimia, Jumatano inabaki. Visipotimia, usinifuate tena hapa na mtoto wa plasta ili nikuonee huruma.”

“Sikuja kuomba huruma. Nimekuja kuomba gari,” alisema Justina, akatoka. Alitembea kwa hasira tupu hadi stendi.

*

Alasiri basi lilirudi Mwajilala na Justina yule yule ndani. Kila penye kibanda au njia panda lilisimama, na hakuna mtu aliyeshuka. Ilishuka chaja. Ilishuka chumvi kilo mbili, ikashuka pampu ya baiskeli, ikashuka miwani ya mwalimu mstaafu. Kila mara watu walikuwa wamesimama kandokando ya barabara na mikono imenyooshwa, na kila mara Limbu aliwapa na chenji yao.

“Limbu,” Justina aliuliza, “leo umetumwa na watu wangapi?”

“Leo? Kama ishirini na watatu hivi. Alhamisi ndiyo napumzika, wanakuja wenyewe mnadani, mpaka wengine wanasimama.”

Justina alilitazama lile salfeti lililokaa kwenye kiti cha mbele. Mzee alitaka kumi na watano. Abiria walikuwepo muda wote, wamefungwa humo ndani kwa kamba ya katani.

“Wewe ndiye unayeliua hili gari,” alisema.

Limbu aliumia kweli. “Mimi, mayo? Sijawahi kula hata mia ya mtu!”

“Ndiyo hivyo. Ungekuwa mwizi, wangepanda.”

Limbu aligeukia salfeti lake, akaikaza kamba. Justina naye hakuwa safi, maana mwezi uliopita, kabla Flora hajaanza kumfunga Salu, yeye mwenyewe alimtuma Limbu mafuta ya mtoto na akajiona mjanja kwa kuokoa nauli.

*

Mayige alikuwa anakamua mbuzi alipoelezwa. Alikuwa mtu mpole, anayependa ng'ombe na kuogopa midomo ya watu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Tuuze mbuzi, tukodi pikipiki.”

“Mbuzi mmoja ni Jumatano moja. Tunao wawili, na Jumatano zisizo na gari ni mbili. Tutabaki na nini? Tena na plasta ile juu ya pikipiki, kwenye tope?”

“Mngeuacha tu,” alisema Milembe, mama yake Mayige, aliyekuwa amekaa kizingitini akipepeta uwele. “Huo ni mguu wa babu yenu Jilala. Amerudi nao. Jilala alitembea hivyo hivyo, na alifuga ng'ombe mia.”

“Mama, babu alikuwa na ng'ombe mia, nani angethubutu kumcheka? Huyu ni mtoto wa kike wa watu wenye mbuzi wawili. Watamwita kiguru mpaka azeeke.” Justina alimgeukia mumewe. “Nitawaambia waache kumtuma Limbu. Wapande wenyewe.”

“Utamwambia nani akusikilize? Mimi mwenyewe nimemtuma dawa ya kupe.”

“Basi nitaanza na wewe,” alisema Justina.

*

Ijumaa kikundi cha kulima kilikuwa shambani kwa Klementina. Ndivyo Mwajilala walivyopalilia: leo kwako, kesho kwangu, kikundi hiki kilikuwa cha kaya thelathini na moja, na aliyepanga zamu alikuwa Bujiku, nsumba ntale wao, yaani kiongozi wa wakulima wa zamu. Hakuwa mwenyekiti wa kijiji wala diwani. Alikuwa mtu ambaye akisema kesho tunaanzia upande wa mlima, jua likichomoza watu wako upande wa mlima.

Walipopumzika kunywa uji, Justina alisimama. Hakuwa na desturi ya kusema mbele ya watu, na alianza vibaya, akirukaruka, lakini alilisema lote: salfeti, vichwa kumi na vitano, Jumatano ya mwisho.

“Nitoe nauli elfu sita kufuata dawa ya elfu nane?” Klementina aliruka. “Hesabu ya wapi hiyo?”

“Gari likifa utatoa elfu hamsini.”

“Nitaagiza Alhamisi.”

“Kwa Limbu yule yule, amebanwa mlangoni na watu wa mnada? Na presha ya mama ikipanda Jumanne?”

Klementina aliweka bakuli chini. “Sema ukweli, Justina. Umezaa mtoto wa mguu kombo, sasa unataka kijiji kizima kipande basi kumsindikiza.”

Watu wakainamisha macho kwenye uji. Mayige alikuwa miongoni mwao, na yeye aliinama kuliko wote. Machozi yalimjaa Justina, akayaacha yashuke, hakuwa na mkono wa kuyafutia maana alikuwa amemshika mtoto.

“Ndiyo, ni kwa ajili ya mguu wake,” alisema. “Sioni aibu. Asingekuwa Salu, ningekuwa namtuma Limbu kama ninyi. Lakini yule mzee hakunitukana mimi peke yangu. Alisema Mwajilala hatuna safari, tunalima, tunakula, tunalala. Nilisimama pale nikasikia kwa niaba ya watu wote. Hata fungu lako la lile tusi, Klementina, nimekubebea mimi mpaka hapa, na nauli hukutoa.”

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Bujiku alimaliza uji wake bila haraka, akafuta midomo.

“Kesho tunalima kwa Ndaki,” alisema. “Kuna mtu hapa anataka kubaki nyumbani, atume jembe lake?”

Wote walijua kanuni. Jembe lililokuja bila mtu lilirudishwa, na shamba la mwenyewe likarukwa msimu mzima.

“Nauliza tu,” Bujiku aliendelea, “kama jembe tupu hatulipokei, gari la watu tunalipelekeaje salfeti? Kuanzia leo, mwenye shida mjini aende mwenyewe, na siyo wote kurundikana Alhamisi. Atakayemtuma Limbu, tutaliruka shamba lake. Haya, nani ana shida ya mjini Jumatano?”

Mikono ilipanda kwa uvivu, mmoja mmoja, mpaka ikafika kumi na minane. Wa Klementina haukuwemo.

*

Jumanne usiku mvua ilinyesha, na kuahidi juani siyo sawa na kutoka kwenye matope. Asubuhi, katika wale kumi na wanane, walifika tayari kusafiri kumi na mmoja, mbali na Justina mwenyewe, Mayige akiwa mmoja wao, amevaa viatu vya harusi yake. Wengine waliobaki walikuja na hela mkononi na macho pembeni.

“Limbu, ndugu yangu, leo tu. Niletee sabuni miche miwili...”

Mkono wa Limbu ulishaanza kufunguka wenyewe kwa mazoea. Justina alimnyang'anya salfeti, akalitandika kwenye kiti cha mbele, akalikalia.

“Limejaa,” alisema.

“Limejaa nini?”

“Limejaa mimi.”

Walimtukana. Mmoja alimwambia amejifanya kuwa mwenye gari, mwingine akamuuliza Mayige kama siku hizi anaomba ruhusa kwa mkewe hata ya kukohoa. Mayige alitazama viatu vyake, lakini hakushuka. Mwishowe wawili walipanda kwa hasira, na kandambili zao. Dereva alipowasha, akatokea Klementina na mwavuli, akaketi bila kusalimia mtu.

“Sikuja kwa ajili yako,” alimwambia Justina.

“Kaa tu, jirani.”

Njiani watatu zaidi waliokuwa wakimngoja Limbu na hela zao waliambiwa wapande au waache, wakapanda. Basi liliingia stendi ya Bariadi na watu kumi na wanane, bila kumhesabu Salu.

Mzee Januarius alikuwepo kama alivyosema. Alihesabu kwa kidole kupitia madirishani, akarudia, na uso wake ukawa mzito. Hakuwa amefurahi kama mtu aliyepata abiria. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyebishiwa.

“Mmekusanyana kama watu wa msiba,” alisema mlangoni. “Hii ni ya leo. Wiki ijayo atakuja huyu mama na mtoto wake tena. Hapana, nimeshaamua, Alhamisi tu. Shukeni, gari lina kazi. Saa sita linawapeleka watu wa harusi Lamadi, alasiri ndiyo linawarudisha ninyi.”

Bujiku alikuwa ameshashusha mguu mmoja. Aliurudisha ndani, akakaa. Ndaki aliyekuwa amesimama akakaa. Wakakaa wote.

“Shukeni!”

“Mimi mguu umekufa ganzi,” Klementina alisema. “Siwezi kushuka.”

Wapiga debe walianza kusogea, maana stendi haina siri. Justina alikuwa anasimama na kuketi. Flora alifunga kazi saa sita, na Salu alikuwa ameshaanza kulia. Akishuka yeye aliyewaleta, mzee angesema nini? Na asiposhuka, wamekuja kufanya nini?

“Nenda mtoto akafungwe plasta,” Klementina alimwambia, bado bila kumtazama. “Kwani tutakimbia?”

*

Plasta ya nne ilifungwa. “Zimebaki mbili,” alisema Flora. “Isiguswe mpaka ikauke.”

Aliporudi ilikuwa saa tano na nusu. Jua lilikuwa limeifanya Coaster kuwa tanuri, na hakuna aliyekuwa ametoka. Walikuwa wamenunua mihogo ya kuchemsha kupitia dirishani na wanalamba vidole kwa chumvi. Nje, simu ya Januarius ilikuwa haipumziki. Watu wa harusi walikuwa wanauliza gari. Alipomwona Justina, alimfuata kwa sauti ya baba mkwe.

“Mama Salu. Wewe nimekuelewa. Shida ni huyu mtoto, na daktari kasema zimebaki ngapi?”

“Mbili.”

“Basi. Wiki mbili hizo nitaleta gari kwa ajili yako, na nauli usitoe. Neno langu, mbele ya hawa. Waambie washuke.”

“Justina,” alisema Mayige kutoka dirishani, taratibu, “kubali. Tumepata tulichokifuata.”

Naye alisema kweli. Kilichomtoa Justina nyumbani kilikuwa kimewekwa mkononi mwake, bure, na mbele ya mashahidi. Mguu ungenyooka. Hakuna mtu Mwajilala angemlaumu. Na kama tungekuwa sisi, mimi na wewe, huenda tungeshukuru na kupiga goti. Alimtazama Klementina, aliyekuwa anatazama mbele, shingo imekakamaa, mwanamke aliyejua kabisa alichokuwa amekisema shambani na sasa anangoja kulipwa kwa kipimo kile kile.

Justina alipanda. Alikaa kwenye kiti chake, akaunyoosha mguu wa Salu juu ya magoti ili plasta isiguse kitu.

“Wiki mbili ni za Salu,” alisema. “Presha ya mama yake Klementina haiishi wiki mbili. Tunataka Jumatano zote, mzee.”

“Mnajua nitawaitia polisi?”

“Waite,” alisema Bujiku. “Tutawaonyesha tiketi. Na kesho ni mnada. Tukishushwa leo, kesho tutakaa tena, tukiwa wengi zaidi, mpaka kwenye ngazi.”

Mayige alivuta pumzi ndefu. Kisha, yeye anayeogopa midomo ya watu, alitoa kichwa nje, stendi nzima ikimsikia. “Ulisema vichwa kumi na vitano. Tumeleta kumi na vinane. Sasa ni nani kati yetu asiyekuwa na safari?”

Wapiga debe walishangilia kama mpira umeingia golini. Januarius alitazama saa, akatazama simu iliyokuwa inalia tena, akatazama watu kumi na wanane walioloa jasho na wasioonyesha haraka yoyote.

“Jumatano zote,” alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

“Hatujasikia huku nyuma,” alisema Klementina.

“Jumatano zote! Wakiwa chini ya kumi na watano nalitoa. Haya, shukeni!”

Hapo ndipo walipokumbuka kwamba tangu asubuhi hakuna aliyenunua hata kiberiti. Walimiminika mlangoni wakakimbilia madukani, Klementina mbele na mwavuli wake, Mayige akichechemea kwenye viatu vya harusi, na Limbu akabaki ameshika mlango, mikono mitupu, akiwaangalia kama mtu aliyepewa likizo.

Ndani alibaki Justina na mtoto wake, aliyekuwa amelala.

“Na wewe?” Januarius alikuwa anakaribia kulia. “Harusi ni saa sita!”

“Plasta haijakauka, mzee,” alisema Justina, na hakusogea.